Chanjo ya Mafua: Nani Aanze Nyumbani Kwako?

Juni ikiingia, Lushoto huvaa makoti. Ukungu hushuka asubuhi kutoka msitu wa Magamba na kuchelewa kuondoka, kuni hukauka kwa shida, na kwenye Coaster zinazopanda kutoka Mombo abiria hufunga madirisha yote kabla gari halijafika Soni. Mtu mmoja akikohoa kiti cha nyuma, gari zima limevuta hewa yake. Siku mbili tatu baadaye nyumba nzima inapenga kamasi, mtoto haendi shule, mama hawezi kuinuka kwenda shamba la karoti, na aliye na ndugu ng'ambo anakumbuka alichosimuliwa kwenye simu: wenzetu huchanjwa mafua kila mwaka. Basi nasi tuchanjwe?

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji apime sababu zake. Mtu mzima mwenye afya njema, asiye mjamzito na asiye na maradhi ya kudumu, akichanjwa hafanyi kosa lolote, lakini faida atakayoipata yeye mwenyewe ni ndogo. Faida kubwa iko kwa watu wengine waliomo humohumo ndani ya nyumba yake. Tunaambiwa kinga ni bora kuliko tiba, na ni kweli. Lakini kinga nayo ina bei, na familia yenye pesa ya dozi moja inapaswa kujua dozi hiyo ni ya nani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mafua ya kawaida, yale ya chafya na pua kuziba, huletwa na virusi vya aina nyingi, zaidi ya mia mbili, na hayana chanjo. Homa ya mafua ni ugonjwa mwingine. Huletwa na virusi vya influenza, hasa aina A na B, nayo huja ghafla. Asubuhi umepalilia vizuri. Jioni unatetemeka, kichwa kinagonga, misuli yote inauma, kikohozi ni kikavu na huna nguvu hata ya kufika uani. Mtu mzima mwenye afya hulala siku tatu nne, akapata nafuu ndani ya wiki moja, ingawa kikohozi na uchovu vinaweza kumng'ang'ania kwa wiki mbili au zaidi.

Wapo wasiopata nafuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka ugonjwa huu huwaweka watu milioni 3 hadi 5 katika hali mbaya, na kwamba kati ya watu 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nao. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018 ulikadiria kuwa kiwango cha vifo hivyo kiko juu zaidi Afrika kusini mwa Sahara. Kwa hiyo fikra kwamba homa ya mafua ni shida ya nchi za theluji haina msingi. Sisi tunaugua na tunakufa pia, ila mara nyingi vifo vyetu huandikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Homa ya milimani ni ipi?

Kabla ya kuuliza juu ya chanjo, mtu wa Usambara, milima ilipo Lushoto, ana swali lake la kwanza: homa hii niliyonayo ni ya nini? Kwa miaka mingi jibu la haraka lilikuwa malaria. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria wagonjwa 528, yaani sita katika kila kumi. Vipimo vya kina vilipokamilika, waliokuwa na malaria kweli ni 14 tu. Mwaka huohuo wa 2008, watoto 1,005 wenye homa walipimwa Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilionekana kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi, na wengi walikuwa na maambukizi ya virusi, hasa ya njia ya hewa. Virusi vya influenza vilikuwa miongoni mwa hivyo.

Matokeo haya yanaigusa Lushoto kwa namna ya pekee. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi viko juu zaidi. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kimelea cha malaria hukawia mno kukua ndani ya mbu, na mara nyingi mbu hufa kabla kimelea hakijakomaa. Ndiyo maana malaria hupungua kadiri unavyopanda mlima. Wazee wa Usambara walilijua jambo hili kabla ya hadubini. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyetambua kiini cha kifua kikuu mwaka 1882, alifika milima hii mwishoni mwa karne ya 19. Aliandika kwamba Washambaa walijua kuwa mtu akiteremka tambarare hurudi na homa, na homa hiyo wakaihusisha na mbu. Ni katika miaka hiyohiyo, mwaka 1897, Ronald Ross akiwa India aliona kimelea ndani ya tumbo la mbu.

Ujuzi huo wa wazee bado unaokoa maisha, kwa sababu una pande mbili. Homa ya Julai ya mtu ambaye hajatoka vijiji vya juu kama Mtae na Shume ina uwezekano mdogo wa kuwa malaria. Lakini dereva wa lori la kabichi aliyelala Korogwe au Dar es Salaam, au mwanafunzi aliyerudi likizo kutoka Tanga, akipata homa asijiambie ni mafua tu. Mwili wa mtu wa mlimani haujazoea malaria, na ikimpata humwangusha vibaya. Kipimo cha haraka huchukua tone la damu ya kidole na takriban robo saa. Malaria ipimwe kwanza, ndipo tuzungumze mafua.

Chafya ya fereti

Ilichukua muda mrefu dunia kujua homa ya mafua huletwa na nini. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, Mjerumani, alitangaza kuwa ameona bakteria yake, na madaktari wengi wakamwamini kwa zaidi ya miaka ishirini. Kisha likaja wimbi la 1918. Lilizunguka dunia na kuua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 50. Afrika Mashariki lilifika Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea ukingoni, likawakuta wapagazi na askari waliokwisha kudhoofishwa na safari na njaa. Askari wa kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck waliosalimu amri Novemba 1918 walikuwa wameponea risasi kwa miaka minne, na baadhi yao wakafa kwa homa hiyo wakiwa mateka. Jambo lililowashangaza madaktari ni kwamba wimbi hilo liliwaua sana watu wa miaka 20 hadi 40, watu wenye nguvu zao.

Jibu lilipatikana London mwaka 1933. Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji aliyosukutulia koo mgonjwa wa homa ya mafua, ambaye alikuwa Andrewes mwenyewe. Wakayapitisha kwenye chujio lililozuia bakteria zote, kisha wakayadondoshea puani mwa fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Fereti wakaugua: pua zikachuruzika, homa ikapanda. Kilichopita kwenye chujio lile hakikuwa bakteria; kilikuwa kirusi. Siku moja fereti mgonjwa alimpigia chafya Wilson Smith usoni. Smith akaugua homa ya mafua, na kirusi kikatolewa kooni mwake yeye. Ushahidi ulikamilika: kutoka kwa mtu kwenda kwa mnyama, na kutoka kwa mnyama kurudi kwa mtu.

Kirusi kilipojulikana, chanjo iliwezekana. Thomas Francis na Jonas Salk wa Marekani walikikuza ndani ya mayai ya kuku, na mayai bado ndiyo yanayotumika kutengeneza chanjo nyingi za mafua hadi leo. Yai la siku 10 au 11, lenye kifaranga anayeanza kuumbika, hutobolewa tundu dogo na kutiwa tone la virusi. Huwekwa kwenye joto siku mbili au tatu, virusi vikaongezeka, kisha maji ya yai hutolewa, virusi huuawa kwa dawa, vikapasuliwa na kusafishwa. Kinachoingia kwenye bomba la sindano ni vipande vya kirusi kilichokufa. Haviwezi kumwambukiza mtu mafua. Kazi ya vipande hivyo ni kuufundisha mwili utengeneze kingamwili.

Mwaka 1943 chanjo hiyo ilijaribiwa kwa wanajeshi wa Marekani zaidi ya 12,000. Kati ya waliodungwa dawa bandia, takriban 7 katika kila 100 waliugua. Kati ya waliochanjwa, 2. Mwaka 1945 raia wa kawaida wakaruhusiwa kuipata. Mwaka 1947 chanjo ileile ikashindwa kabisa, kwa sababu kirusi kilikuwa kimebadilika.

Hapo ndipo ilipo tabia ya mafua inayotutesa hadi leo. Kirusi cha influenza kikijinakili hukosea mara kwa mara, na makosa hayo hubadilisha protini zilizo juu ya ganda lake. Kingamwili zilizojifunza sura ya mwaka jana hazikitambui vizuri kirusi cha mwaka huu. Kwa hiyo mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mtandao wa maabara unaokusanya virusi kutoka nchi nyingi. Tanzania ilianza ufuatiliaji wake katika hospitali teule mwaka 2008. Mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya nchi za kusini, wataalamu huketi na kuchagua virusi vya kuwekwa kwenye chanjo ya msimu ujao. Wako kama mkulima wa Shume anayenunua mbegu kabla hajajua mvua itanyesha vipi: anaangalia misimu iliyopita, anachagua kwa busara, na mwaka mwingine mvua humwendea kinyume.

Watu 71

Sasa tuje kwenye hesabu inayomhusu mtu mzima mwenye afya. Mwaka 2018 watafiti wa Cochrane, taasisi inayokusanya na kuchambua majaribio ya tiba duniani, walitoa uchambuzi wa majaribio 52 yaliyohusisha watu wazima wenye afya zaidi ya 80,000. Matokeo yake ni haya. Kati ya watu 1,000 wasiochanjwa, 23 walipata homa ya mafua katika msimu mmoja. Kati ya 1,000 waliochanjwa, walikuwa 9. Chanjo inafanya kazi, hilo halina ubishi. Hata hivyo kwa kuwa waliougua tangu mwanzo ni wachache, inabidi kuchanja watu wazima 71 ili kumwepusha mmoja na ugonjwa huo. Jaza Coaster mbili, na ya tatu ikae nusu. Chanja kila abiria. Msimu ukiisha, mmoja ndiye ambaye angeugua na hakuugua.

Uchambuzi huohuo unaeleza kwa nini mtu huchanjwa kisha akalalamika kuwa amepata mafua vilevile. Walipohesabu kila mwenye homa na kikohozi, bila kujali kirusi gani, wagonjwa walikuwa 215 kati ya 1,000 wasiochanjwa na 181 kati ya 1,000 waliochanjwa. Wagonjwa wengi wa kikohozi cha msimu wanaugua virusi vingine, ambavyo chanjo ya mafua haivigusi. Na kuhusu kulazwa hospitali, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo kiasi kwamba haiwezi kutegemewa kwa watu wa kundi hili.

Zipo sababu mbili za kusoma hesabu hii kwa uangalifu. Kwanza, majaribio mengi kati ya hayo yalifanywa katika nchi tajiri, kwa watu waliokuwa na lishe na hospitali karibu. Pili, hesabu ni ya misimu ya kawaida. Kirusi kipya kabisa kikizuka, kama kile cha 1918, au cha 2009 kilichoitwa mafua ya nguruwe na kufika Tanzania mwaka huohuo, mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuwa hatarini kuliko alivyozoea. Serikali ikitangaza chanjo ya kirusi cha namna hiyo, usirudi kwenye hesabu ya watu 71. Nenda ukachanjwe.

Zamu ya nani?

Kwa msimu wa kawaida, wa kwanza katika nyumba ni mjamzito. Mimba hubadilisha kinga ya mwili na kubana mapafu, hivyo homa ya mafua humwelemea mama kuliko ilivyokuwa kabla. Jaribio lililofanyika Soweto, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2014 lilionyesha kuwa chanjo ilipunguza homa ya mafua kwa takriban nusu miongoni mwa akina mama wasio na VVU, na kwa takriban nusu miongoni mwa watoto wao wachanga. Wenye VVU nao walipata kinga nzuri. Mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi mafua. Kinga yake ni ile iliyopita kwenye kondo la nyuma akiwa tumboni. Sindano moja, watu wawili. Sijui dozi ya mafua yenye thamani kuliko hiyo.

Wa pili ni wazee na wenye maradhi ya kudumu: kisukari, moyo, pumu, figo, selimundu, VVU. Bibi anayeota moto jikoni na kukohoa kwa moshi wa kuni miaka arobaini ana mapafu yasiyostahimili pigo jingine. Kwa wazee chanjo hufanya kazi kwa nguvu pungufu kuliko kwa vijana, lakini hatari yao ni kubwa kiasi kwamba hata kinga pungufu ina uzito. Wa tatu ni wahudumu wa afya, kuanzia daktari hadi msafisha wodi, kwa sababu wao hukutana na mgonjwa wa mafua asubuhi na mgonjwa wa moyo mchana. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 nao wamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2016 kamati ya wataalamu wa chanjo ya Kenya ilipendekeza kuchanja watoto wa miezi 6 hadi 23.

Na mtu mzima mwenye afya? Zamu yake huja kupitia watu hawa. Mgonjwa huanza kutoa virusi takriban siku moja kabla hajajisikia vibaya. Utafiti wa jamii nchini Uingereza, uliofuatilia misimu ya 2006 hadi 2011, uligundua kuwa takriban robo tatu ya walioambukizwa hawakuonyesha dalili za wazi. Mtu anambeba mtoto mchanga, anamlisha mzee, naye hajui amebeba nini. Upande wa pili, jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2010 lilifanyika katika jumuiya za wakulima Wahutteri, watu wanaoishi, kula na kusali pamoja. Walichanjwa watoto na vijana wa miaka 3 hadi 15 tu. Miongoni mwa wanajumuiya ambao hawakuchanjwa, homa ya mafua ilipungua kwa asilimia 61. Chanjo ya mmoja iliwafikia wengine.

Kwa hiyo ukiwa mzima na una mtoto wa miezi miwili ndani, au unamuuguza baba mwenye kisukari, au unafundisha darasa la watoto sabini, au unafanya kazi zahanati, sababu ya kuchanjwa unayo, hata kama mwili wako unaweza kuyabeba mafua bila wasiwasi. Anayekwenda Hija naye ana sababu: umati wa Makka hukutanisha virusi vya dunia nzima, na Saudi Arabia imekuwa ikiwahimiza mahujaji wachanjwe mafua pamoja na ile chanjo ya lazima ya uti wa mgongo. Kama huna lolote kati ya haya, na pesa ina kazi nyingine ya haraka, unaweza kuacha bila kujilaumu.

Ukienda kuchanjwa

Chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za taifa Tanzania. Hupatikana kwa kulipia, zaidi katika vituo binafsi vya mijini. Anayetoka Lushoto kuifuata ajipange: apige simu kwanza, aulize kama ipo na ni shilingi ngapi, asije akateremka hadi Tanga au Dar es Salaam bure.

Ukifika, angalia mambo mawili kwa macho yako. La kwanza ni boksi lenyewe. Juu yake huandikwa chanjo ni ya msimu gani na itaisha muda lini. Ya msimu uliopita ikatae. La pili ni jokofu. Chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyokaa kabatini imekwisha nguvu hata kama kichupa kinang'aa. Mhudumu mzuri hataona vibaya ukimuuliza.

Kinga huanza kukomaa baada ya wiki mbili hivi, na hupungua kadiri miezi inavyopita. Karibu na Ikweta mafua hayana msimu mmoja ulionyooka. Virusi huweza kuonekana mwaka mzima. Kwa nyanda za baridi kama zetu, Aprili au Mei ni wakati wa busara, kabla watu hawajaanza kujifungia ndani. Mjamzito asingoje tarehe, akiipata, achanjwe.

Madhara ya kawaida ni mkono kuuma siku moja mbili, uchovu, pengine homa ndogo. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré hutokea kwa nadra sana, takriban mtu mmoja au wawili zaidi kwa kila watu milioni wanaochanjwa. Aliyewahi kupatwa na mzio mkali kwa chanjo hii asirudie, na mwenye homa kali siku hiyo asubiri apone.

Bila sindano

Wengi wanaosoma makala hii hawatachanjwa mafua mwaka huu, na hiyo haina maana kwamba hawana la kufanya. Kadi ya kliniki ya mtoto ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania hupata bure chanjo ya nimonia inayoletwa na bakteria wa nyumokokasi, na bakteria huyo ni miongoni mwa wale wanaoingia mapafuni mafua yakishafungua njia. Uchunguzi wa mapafu ya waliokufa mwaka 1918 ulionyesha kuwa wengi walimalizwa na nimonia ya bakteria. Mtoto aliyekosa dozi apelekwe wiki hii.

Jambo la pili ni hewa. Virusi vya mafua hubebwa na matone na chembechembe za pumzi, na chumba kilichofungwa huzihifadhi. Dirisha la gari likiachwa wazi upana wa vidole vinne linasaidia kuliko jaketi la pili. Mgonjwa apewe kitanda chake inapowezekana, akohoe kwenye kiwiko, na anayemuuguza anawe mikono kwa sabuni kabla hajamshika mtoto.

Jambo la tatu ni dawa. Wanaoikumbuka tauni iliyoisumbua Lushoto tangu mwaka 1980, ikashambulia watu zaidi ya 7,000 kwa zaidi ya miaka ishirini, wanajua kuwa antibayotiki iliyotolewa mapema iliokoa maisha. Tauni ni bakteria. Mafua ni virusi, na amoksilini ya duka la dawa haiviui. Kuimeza kiholela hufundisha bakteria usugu. Paracetamol hushusha homa. Chai ya tangawizi, mchaichai, limao na asali hulainisha koo, ila asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kujifukiza kunaweza kumpa mtu nafuu ya pua, hakuui virusi mwilini, na sufuria ya maji yanayochemka isiwekwe karibu na mtoto.

Jambo la nne ni kujua lini subira inaisha. Pumzi za haraka au za shida, kifua kuuma, kuchanganyikiwa, midomo kubadilika rangi, mtoto kushindwa kunyonya, au homa iliyoondoka kisha ikarudi na kikohozi kibaya zaidi: hizi ni dalili za kwenda zahanati saa hiyohiyo, na kutoka hapo hospitali ya wilaya au ya Bumbuli. Mjamzito au mzee aende mapema, kwani ipo dawa ya virusi vya mafua, oseltamivir, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za mwanzo. Na kikohozi kilichopita wiki mbili kipimwe kifua kikuu; kipimo na dawa yake ni bure katika vituo vya serikali.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kama fedha ipo, mtu mzima mwenye afya achanjwe, hasa akiwa analea mtoto mchanga au anauguza. Kama fedha ni ya dozi moja, ampe mjamzito. Kama hakuna mjamzito, ampe mzee au mgonjwa wa muda mrefu. Na wale wanaopanga ratiba ya chanjo za taifa, tunawaomba waitazame upya nafasi ya wajawazito wa Tanzania katika chanjo hii, kwa sababu wao tayari huhudhuria kliniki, tayari huchomwa sindano ya pepopunda, na sindano ya pili ingewakinga pamoja na watoto ambao hakuna njia nyingine ya kuwachanja.